Swali la Fundi Polepole

Jina la Polepole hakulipata bure. Ukimletea injini ya dizeli iliyougua, kwanza atavuta kigoda akae, aitazame kama anayengoja imsalimie. Spana zitasubiri. Wenye haraka zao walimcheka, kisha wakarudi mmoja mmoja, maana injini haiponi kwa matusi.

Asubuhi moja aliitwa na mdogo wake wa kike, mwenye mashine ya kusaga waliyoachiwa na marehemu mama yao. Mlangoni alimkuta mnunuzi wa vyuma chakavu amekalia mkokoteni wake, anapiga mluzi.

"Huyu anangoja nini?"

"Anangoja ushindwe," dada akajibu, macho mekundu. "Mafundi wawili wamenawa mikono. Na wewe ukishindwa, kaka, aipakie aende nayo. Nimechoka."

Polepole akautazama mkokoteni, kisha akaitazama mashine. Unga wa mashine ile ndio uliowakuza. Hata hivyo akavuta kigoda.

"Inaumwaje?"

"Inawaka vizuri, inasaga debe moja, halafu ghafla nguvu kwisha, inazima. Ukiipumzisha, inanguruma tena kama si yenyewe."

"Inatoa moshi mweusi?"

"Hata kidogo."

"Basi hewa inaipata. Inakufa njaa hii, mafuta hayafiki."

"Chujio jipya! Pampu nayo wameifungua wakaifunga mpaka nati zimeshikwa na kizunguzungu!"

Fundi akacheka. Kisha akauliza lile swali lake la miaka yote.

"Haya, usiniambie nani kaiharibu. Niambie wewe umeitunzaje."

Dada akaja juu. "Nimeitunza kama bibi harusi! Nimeisugua, nimeipaka rangi tangi na kila kitu. Huoni inavyong'aa?"

"Inapendeza kweli. Ulipaka lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na ugonjwa umeanza lini?"

Dada akahesabu siku kwa vidole, akaishia wiki ileile.

Wakaiwasha, wakatia mahindi. Mkanda ukazunguka, unga ukamiminika, kisha sauti ikaanza kulegea kama mzee apandaye mlima na mzigo kichwani. Polepole akaruka (naam, aliruka, watu walishuhudia) akafungua kifuniko cha tangi. Fsssss! Hewa ikaingia kwa pupa. Injini ikakohoa mara moja, ikashika kasi.

Akamwonyesha: juu ya kifuniko kuna kitundu kidogo, hewa ipite mafuta yanaposhuka. Rangi ilikuwa imekiziba.

"Weka chupa ya maji mdomoni, uibane kabisa kwa midomo, halafu ufyonze. Utafyonza wee, mwisho maji hayaji. Na tangi ni hivyohivyo."

"Kumbe mwuaji ni mimi!"

"Ni mapenzi, mdogo wangu. Ulimkumbatia mgonjwa mpaka ukamziba pua."

Dada akachomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwa, akakitoboa mwenyewe kile kitundu, akafunga kifuniko. Wakangoja roho juu. Debe la kwanza likapita. La pili likapita. Lilipoisha gunia zima, dada alikuwa anacheza katikati ya chumba, uso mweupe kwa unga, na wanawake waliokuwa wamekata tamaa nje wanagombania foleni.

"Sasa mama, na mimi je?" mnunuzi wa vyuma akauliza.

"Wewe sogeza mkokoteni, umewazibia watu njia!"

Akausogeza, lakini hakufika mbali. Wateja wawili walikwisha kumkodi awapelekee unga nyumbani.