Alifuta sura za watu apate nafasi ya matone

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kaisho, wilayani Kyerwa, bado ina ukungu, na Anastazi Mugisha amepiga magoti kwenye sakafu ya jiko lake la nje. Mbele yake kuna karai la maji. Juu yake, kwenye msumari wa kenchi, ametundika chupa ya dripu aliyoiomba duka la dawa, na kwa kidole gumba anakaza na kulegeza kigurudumu cha mrija mpaka maji yashuke tone moja moja.

Kwanza analaza kalamu juu ya karai, pale tone litakapoangukia. Anailenga kamera kwenye kalamu mpaka ionekane wazi, kisha anaiondoa kalamu. Tone linaanguka, flashi inawaka. Linaanguka jingine. Katika picha arobaini, anasema, hutoka moja: nguzo ndogo ya maji imesimama wima, na juu yake kimeelea kishanga ambacho ndani yake unaonekana mgomba wa uani umegeuka kichwa chini.

Mkewe, Mackrine, anapita na ndoo. "Maji nachota mimi, sifa anapata yeye," anasema, wala haonekani kutania sana.

Sifa zenyewe ni chache. Mugisha, 43, ana studio ndogo karibu na soko, na anaishi kwa picha za pasipoti, vipaimara na harusi. Pasipoti nne ni Sh3,000. Lenzi ya makro, ile inayoweza kukikaribia kitu kidogo kama tone, aliinunua Bukoba ikiwa imeshatumika kwa Sh480,000, akiba ya msimu mzima wa harusi. Matone hayajamwingizia hata senti.

"Watu walidhani nimerogwa, mtu mzima anapiga picha maji," anasema. "Lakini nilipoliona tone la kwanza kwenye kompyuta, kazi yangu yote ya nyuma niliiona takataka. Hapo ndipo nilipokosea."

Asubuhi moja tu ya matone humletea picha mia nne. Diski ya studio ikajaa. Machi 2022 akafungua folda ya pasipoti, miaka sita ya kazi, akaifuta yote.

"Nilijisemea, hawa walishachukua picha zao, wanataka nini tena? Nilijiona kama nafagia."

Wanachotaka tena kila mtu wa Kyerwa anakijua, na yeye alikijua. Mzee akifariki huku, hata turubai halijafungwa, mtu anapanda pikipiki kwenda studio. Ile pasipoti aliyopigwa kwa ajili ya fomu ya ushirika wa kahawa inakuzwa, inawekwa kwenye fremu, na mjukuu anaibeba mbele ya jeneza. Kwa wazee wengi hiyo ndiyo picha yao pekee.

Agosti 2023 aliyepanda pikipiki alikuwa mzee Nestory. Kaka yake, Placidius, mkulima wa Nyakatuntu, alikuwa amefariki alfajiri ile. Kitambulisho cha taifa marehemu hakuwahi kukipata, alibaki na namba tu. Kwenye fomu ya ushirika picha ilishabanduka, pamebaki alama ya gundi. Nestory alifika studio na fremu ameshainunua.

"Mara tu alipotaja pasipoti ya ushirika nilijua nilishaifuta," anasema Mugisha. "Nikashindwa kumwambia. Nikasema shikamoo, karibu ukae. Nikawasha kompyuta, nikajifanya natafuta. Saa nzima na nusu mzee wa watu yuko kwenye benchi, fremu mapajani, na mimi nabonyeza bonyeza. Hilo linaniuma kuliko kule kufuta."

Placidius alizikwa bila picha.

Mjane wake, Kokuhirwa, ana miaka 78, na mtoto wa jicho ameanza kumfunika jicho la kushoto. Anamkaribisha mwandishi kwa buni za kutafuna, kama anavyokaribishwa kila mgeni nyumba hizi, kisha anasema taratibu.

"Sikumlaani. Ila sura inanitoka, waitu, ndugu yangu. Alikuwa na kovu shavuni. Mwaka juzi nilijua ni shavu lipi. Sasa nikifumba macho naliona huku, kesho naliona kule."

Maneno hayo alishamwambia Mugisha mwenyewe, siku alipokwenda kukiri kosa lake. Tangu hapo ile lenzi imepata kazi ya pili. Kila Jumapili baada ya misa mpiga picha huyu anapita nyumba kwa nyumba akiomba kuona albamu za zamani, huenda Placidius yumo. Sura ndogo kama punje ya harage nyuma ya bibi harusi, anaipiga kwa lenzi ya matone, anaikuza, anampelekea mjane.

Yeye mwenyewe hawezi kumtambua. "Nilimwambia inua kidevu, mzee, nikapiga. Siku hiyo nilipiga watu thelathini. Simkumbuki hata kidogo."

Picha kumi na moja za kwanza Kokuhirwa alizikataa. Ya kumi na mbili ilitoka harusi ya mwaka 1998 kule Rugera: mwanamume mwenye kofia, nyuma kabisa, amebeba kreti ya soda, nusu ya uso ni kivuli. Nestory alisema ndiye. Vero, binti wa marehemu, alisema siye. Mjane aliisogeza karibu na jicho la kulia, akaitazama muda mrefu.

"Akasema, 'Iache hapa,'" anasimulia Mugisha. "Nikamuuliza, 'Mama, ndiye?' Akanijibu, 'Sijui, mwanangu. Iache.'"

Leo picha hiyo iko ukutani, na kila jioni Kokuhirwa anasali rozari mbele yake.

Mugisha bado anapiga matone. Anachagua moja, mengine anayafuta siku hiyo hiyo. Alhamisi huzunguka vijijini akiwapiga picha wazee bila malipo. Wameshafika 214, na sura zao ziko kwenye diski mbili, moja nyumbani kwa katekista. Msimu wa kahawa ukiisha atarudi Rugera, kwa dada wa yule bibi harusi, ambaye inasemekana ana albamu nyingine ya harusi ile ile.

"Naomba Mungu nimpate wa kweli," anasema. "Halafu usiku nawaza, nikimpata itakuwaje? Itabidi niende nimwambie mama yule kwamba huyo anayemwombea si mume wake. Na mume wake nilishamfuta mara moja."