Kibodi Bubu ya Hamimu

Théoneste alikuwa fundi cherehani, na mimi sikumpenda. Afadhali niseme mapema. Kibanda chake kilikuwa mtaa wa Nyamirambo, Kigali, chini kidogo ya msikiti: mashine moja ya kukanyaga kwa miguu, suti za maharusi zikining'inia ukutani, na yeye katikati, mwembamba, mpole, anacheka na kila anayepita. Watu wa namna hiyo hunichosha.

Jumamosi aliacha cherehani akaenda kupiga kinanda harusini. Kilikuwa kinanda kidogo cha betri alicholetewa na shemeji yake kutoka Bujumbura. Muziki hakufundishwa na mtu. Alijua ufunguo mmoja tu, wa Do, yaani vibonye vyeupe. Vyeusi hakuvigusa kabisa. Mwimbaji akitaka juu zaidi au chini zaidi, Théoneste alibonyeza kitufe cha kuhamisha sauti, kinanda chote kikapanda au kikashuka, naye akaendelea na vyeupe vyake. Na watu wakacheza mpaka wakatoka jasho.

Mimi, Eustache, nilisomea muziki miaka sita kwa mapadri, seminarini. Funguo zote nazijua. Nilikuwa mpiga kinanda wa parokia, na kila Jumapili Générose aliimba pembeni yangu. Alikuwa muuza dawa katika duka moja la mjini, mke wa mtu, mama wa msichana aitwaye Annick, na sina la kuzushiwa juu yake. Lakini ile sauti, baada ya miaka saba, niliihesabu kuwa yangu. Nani mwingine pale Kigali angejua thamani yake?

Basi mwaka 1992 Hamimu, muuza kanda, aliamua kufungua studio katika chumba cha nyuma ya duka lake. Alinunua kompyuta kwa mwalimu mmoja Mbelgiji aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao, pamoja na sanduku la bati lenye sauti za kila aina ndani yake: ngoma, besi, filimbi, piano. Kilichokosekana ni kibodi yenye vibonye vya kinanda, ya kuliamrisha hilo sanduku kwa waya, ule waya wanaouita MIDI. Kanda ya kwanza ingekuwa ya Générose. Moyo uliniruka, nikaanza kufikiria nitavaa shati gani.

"Mama Annick ameshachagua mtu wa kupiga," Hamimu aliniambia. "Anamutaka Théoneste."

Nilihisi kama nimemeza mwiba wa samaki. Fundi nguo! Mtu asiyejua hata kusoma noti moja! Hamimu hakuona lolote usoni kwangu, maana alinisukumia katalogi ya Kifaransa. Mfanyabiashara mmoja alikuwa anakwenda Brussels kutafuta vipuri vya magari, na angeileta kibodi wakati wa kurudi.

"Wewe ndiyo umesoma, Mwalimu. Nichagulie."

Zilikuwa mbili ambazo mfuko wake ungeziweza. Ya kwanza ilikuwa na vibonye arobaini na tisa, vyepesi, na kitufe cha kuhamisha sauti. Ya pili ilikuwa na themanini na nane, vizito kama vya piano ya kweli, na kitufe hicho haikuwa nacho. Chumba cha Hamimu kilikuwa hatua nne kwa tatu. Mtu mwenye haki angechagua ile ndogo bila kufikiri. Mimi nilimwambia ndogo ni ya kuchezea watoto, na kwamba huko Ulaya wakubwa hawaigusi. Nikaweka alama kwenye ile ya pili, na wino wangu ulikuwa kijicho kitupu.

Ilifika baada ya miezi miwili, imebebwa na wanaume wawili. Ilibidi meza itolewe nje, na hata hivyo mlango haukufungika tena. Hamimu alibonyeza kibonye kimoja, akabonyeza kumi, akaipiga kwa viganja vyote viwili. Kimya.

"Wallahi nimeuziwa ubao!"

Nilimweleza kwamba kibodi ya aina hii ni bubu. Yenyewe haina sauti. Inapeleka habari tu kwamba kidole kimegusa wapi na kwa nguvu gani, na sanduku ndilo linalosema. Tulipochomeka waya, piano ikalia chumba kizima, Hamimu akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa kuliko piano.

Théoneste alikaa. Aliipapasa kibodi juu, pembeni, hata uvunguni.

"Kitufe ya kupandisha sauti iko wapi?"

"Hakuna," nilisema. "Hii ni ya watu wanaojua funguo."

Hakukasirika. Alipiga kwa Do yake, lakini vidole vilivyozoea vibonye vya plastiki vyepesi havikuuweza uzito ule. Noti moja ilitoka kwa kishindo, iliyofuata haikusikika. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na mimi nilikuja zote mbili kuangalia, nimekaa kwenye kreti ya soda na moyo wangu umetulia tuli. Siku ya tatu alisimama mwenyewe, anakanda viganja.

"Oya, hii imenishinda rwose, kabisa. Eustache apige, ndiye iko na vidole vya hii kazi. Mi nitakaa hapa kwa kompyuta."

Chanda chema huvikwa pete, nilijiambia, nikakaa. Nilipiga wimbo wa kwanza kwa ufunguo wa Fa, kama nilivyompigia Générose miaka yote, bila kukosea hata mahali pamoja. Kompyuta iliunasa, kisha ikaurudia na Générose akaja kuimba juu yake. Aliimba kama kawaida yake: kidevu juu, mishipa ya shingo imesimama.

Théoneste aliinua mkono. "Mama Annick, pole kidogo. Tuache muziki. Imba vile unaimbaka nyumbani ukiwa unafua."

Générose alicheka kwa aibu, akamtazama Hamimu, akanitazama mimi, kisha akaimba polepole huku anaangalia sakafu. Théoneste alisikiliza kichwa kimeinama, kama alivyosikiliza bwana harusi akieleza koti linambana wapi. Halafu akageukia kompyuta. Kumbe kwa kuwa mashine ilikuwa imeshika vidole vyangu na si sauti, wimbo mzima ungeweza kushushwa bila mimi kugusa kitu. Alishusha nusu sauti moja, mbili, tatu, kutoka Fa mpaka Re.

"Sasa jaribu."

Piano ikaanza, ni mimi yule yule, kila kidole mahali nilipokiweka, ila chini zaidi. Na Générose akaimba. Sijui niieleze vipi. Ilikuwa sauti nene, ya utulivu, yenye maneno yanayosikika yote, na mimi sikuwahi kuisikia hata siku moja. Miaka saba nimekaa karibu naye kuliko mtu yeyote pale kanisani, na mtu wa kwanza kuisikia alikuwa fundi cherehani.

Walipomaliza nilimuuliza Générose, na nilisikia ukali katika swali langu: "Mbona hukuniambia?"

"Kitabu imeandika Fa, na wewe ndiyo umesoma," alisema. "Nilijua kanisani ndiyo wanaimbaka hivyo. Jumapili nikirudi nyumbani siongei mpaka jioni, bwana yangu amezoea. Nakunywa tu maji ya moto na tangawizi."

Théoneste alinishika bega. "Umepiga muzuri sana, mon vieux." Alimaanisha, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kanda ilitoka na jina langu kwenye karatasi yake: kinanda, Eustache. Jina la Théoneste halikuwepo, kwa sababu aliyeandika ile karatasi ni mimi. Ilipigwa kwenye baa na kwenye teksi, watu wakanisimamisha njiani kunipongeza, na kila nilipoisikia nilimwonea wivu upya.

Jumapili moja nilifika kanisani mapema, nikaufungua wimbo wa mwanzo, na badala ya Fa nikaupiga kwa Re, chini kama alivyoshusha Théoneste. Générose aligeuka kunitazama. Kabla hajafika mstari wa pili, sauti zilianza kuinuka nyuma, kwenye safu za akina mama wa sokoni ambao miaka yote walishika kitabu na kuchezesha midomo tu. Nilikuwa nikiwasema kwamba hawapendi kuimba. Waliimba ubeti wa kwanza, wa pili, wakaenda mpaka wa sita ambao hatukuwahi kuufikia, na mimi nikiwa nimewapa mgongo machozi yalinitoka.

Baada ya misa padri alinikuta kwenye sakristia, uso wake unang'aa. "Eustache, nani amewafundisha watu wangu kuimba?"

Nilifungua mdomo nimtaje Théoneste. Jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Ni mimi, Padri," nilisema.