Barua Iliyoshikwa Kichwa Chini

Ile sehemu ya barua niliiandika mimi. Nasema mapema, kwa sababu mtaani kwetu, pale Viwanja Sitini, wengi bado wanadhani aliitunga kinyozi, maana ndiye aliyeigiza na ndiye aliyechekesha. Kinyozi alisema tu maneno niliyompa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kidato cha nne nilimaliza na matokeo ambayo mama aliyasoma mara moja, akayakunja, akaniambia nikawashe moto. Sikuhuzunika sana. Asubuhi nilikaanga vitumbua, mchana niliandika vichekesho kwenye daftari lililojaa mafuta, na nilikuwa na hakika kwamba siku moja nchi nzima itakaa kimya kusubiri kipindi changu. Tulikuwa watatu: mimi, fundi simu mwenye kamera ambaye tulimwita mwongozaji, na huyo kinyozi mwenye tumbo la kiongozi. Tulitengeneza tamthilia ya kuchekesha kuhusu ofisi ya serikali ya mtaa. Wajumbe wanagombania kiti chenye mto, mfereji unazinduliwa mara tatu, mbuzi anakula muhtasari wa kikao. Televisheni ya kebo ya hapa mjini ilituonyesha Jumapili baada ya misa ya pili, na watu wasio na kebo walikwenda kuangalia kwenye kibanda umiza, lile banda la video la kulipia.

Mwenyekiti wa kweli wa mtaa wetu alikuwa jirani yetu, mzee wa Kipogoro aliyeshuka kutoka Mahenge akiwa kijana, akalima mpunga Mofu mpaka magoti yakakataa. Ofisi yake ilikuwa baraza ya nyumba yake: meza moja, benchi moja, na muhuri uliofungwa kwenye leso. Alikuwa na desturi yake. Ukimpelekea barua, hagongi muhuri mpaka uisome mwenyewe kwa sauti, mbele ya wote waliokaa kwenye benchi.

"Soma, mwanangu," alikuwa anasema. "Serikali ina masikio."

Watu waliipenda desturi hiyo. Walisema mzee huyu hafichi kitu. Nani atapitisha barua ya uongo ya kiwanja wakati jirani wa kiwanja hicho hicho amekaa hapo anasikiliza? Ukimaliza kusoma, mzee anafungua leso, anaupumulia muhuri, haa, kwa sababu wino wake ulikuwa mkavu siku zote, kisha anagonga.

Sababu ya desturi ile niliijua mimi peke yangu. Jumanne moja nilimpelekea vitumbua nikamkuta kwenye baraza akiwa peke yake, karatasi ya kutoka ofisi ya kata iko mezani, kidole chake kinatembea juu yake. "M-ku-ta... mkuta... no." Aliponiona hakuificha. Alisogeza tu mkono.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Kaa." Akanionyesha benchi. "Mimi nilisoma ngumbaru, darasa la watu wazima. Miezi michache tu, mpunga ukaiva, nikaacha. Kusoma najua, lakini ninakwenda kama mtu anayevuka tope. Watu wakingoja hapo, ninazama."

"Nikusomee, babu?"

"Nisomee. Na hili liishie kwenye baraza hii."

Basi ikawa kila Jumanne. Namsomea karatasi za kata mara mbili, yeye amefumba macho, na kwenye mkutano anasimama bila karatasi na kuyasema yote kwa mpangilio, na watu wanasema, huyu mzee ana kichwa. Mimi nakaa nyuma najisikia kama nimemvika koti jipya. Mavuno yakifika aliniletea mchele wa Mofu, ule unaonukia kabla hata maji hayajachemka.

Sasa, kipindi chetu kilianza kupooza. Baada ya wiki chache watu kwenye kibanda umiza walianza kuangalia simu zao. Mwongozaji akaniambia, "Dada, vichekesho vyako vinacheka vyenyewe. Sisi tunavitazama tu." Kinyozi akaongeza kwamba wateja wake wanamuuliza lini tutaleta kitu cha kuchekesha. Nilirudi nyumbani, nikafungua daftari, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Hapana. Nilipokuwa mdogo nilizoea kusema hivyo, glasi imevunjika yenyewe. Niliupeleka mimi.

Niliandika hivi. Mwenyekiti amekaa mezani, mwananchi anampa barua, mwenyekiti anaishika kichwa chini na kuikazia macho.

"Mwenyekiti, umeigeuza."

"Najua. Nakagua miguu kwanza. Barua nyingi zinaingia ofisini kwangu hazijanawa."

Halafu anamrudishia. "Nisomee. Serikali ina masikio."

Ningeweza kubadilisha hayo maneno ya mwisho. Nilikumbuka kuyabadilisha. Niliyaacha kwa sababu mwongozaji aliposoma alikaa chini kwa kucheka, na sikuwa nimemwona akicheka hivyo kwa kitu changu.

Na mzee nilikuwa nimemwalika mimi mwenyewe. Tangu kipindi kianze alikuwa anakuja kibandani baada ya misa, na mwenye kibanda alimwekea kiti cha plastiki mbele, cha mgeni rasmi. Jumapili ile ningeweza kumwambia, babu, leo usije, umeme unasumbua. Nilijiambia hatagundua. Eti mtu hatatambua sauti yake mwenyewe.

Alicheka mwanzoni, pale kwa mbuzi. Kisha ikaja barua. Kibanda kizima kililipuka, na kinyozi alipofika kwenye "Serikali ina masikio" kicheko kikabadilika, kikapungua, vichwa vikaanza kugeuka kimoja kimoja kuangalia kiti cha mbele. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliona kisogo chake tu. Kilikaa bila kutikisika, kisha mzee akacheka. Alichelewa, lakini alicheka, akapiga makofi matatu. Alipopita mlangoni akaniambia, "Mmefanya kazi nzuri, mjukuu wangu." Hakuniangalia.

Bodaboda waliuchukua utani ule siku ile ile. Ukiuliza bei ya kwenda sokoni, unaambiwa, "Nisomee." Nilicheka nao. Hilo nalo niliseme.

Mkutano wa mtaa ulifuata, kwenye uwanja wa shule. Mzee aliposimama, kijana mmoja aliyekaa pembeni akanyoosha karatasi. "Mwenyekiti, tusomee hii. Anza na miguu." Watu wakaziba midomo kwa mikono. Mzee aliipokea, akaitazama, midomo ikacheza kidogo. Hakuna sauti iliyotoka. Akaikunja, akaiweka mfukoni, akasema tumalizie kwa sala. Nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka kwake na mdomo wangu mzima, mimi niliyeandikia watu wengine maneno kila wiki. Niliangalia pindo la khanga yangu mpaka "Amina."

Kisha kituo kimoja cha televisheni cha Morogoro kilituita. Walitaka kila mmoja aje na barua ya utambulisho kutoka mtaani kwake. Niliiandika yangu, nikakaa nayo siku nne bila kuipeleka kugongwa muhuri. Siku ya tano nilikwenda. Benchi lilikuwa na watu watano.

Nilifungua barua, nikajiandaa kuisoma kwa sauti kama desturi inavyotaka. Mzee akanyoosha mkono.

"Leta."

Aliilaza mezani, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akaanza kuisoma mwenyewe, kwa sauti. "M-le-ta ba-ru-a hii..." Hakuruka neno. Jua lilitoka kwenye mguu wa meza likaja kwenye miguu yangu. Mama mmoja kwenye benchi akainamisha kichwa. Mzee akafika "ki-che... kiche-ke-sho," akatulia hapo, akafuta jasho, akaendelea mpaka tarehe. Jina langu alilisoma mara mbili. Akafungua leso, akaupumulia muhuri, akagonga.

"Babu, nisamehe."

"Haya. Kazi njema." Kisha kwa mtu aliyefuata: "Karibu, mwanangu. Leta barua."

Morogoro walicheka sehemu ile ile, wakasema wanataka nyingine kumi kama hiyo. Nikawaambia hiyo tumeiondoa kwenye kipindi. Mwongozaji alinipiga teke chini ya meza. Hawajatupigia mpaka leo.

Uchaguzi ulipokaribia, mzee hakwenda kuchukua fomu. Watu walisema magoti. Mwenyekiti wa sasa ni kijana mwepesi, anagonga muhuri bila kuangalia, benchi limeondolewa kwa kuwa hakuna anayekaa. Tayari kuna ugomvi wa viwanja viwili.

Jumanne iliyopita nilipita na sahani ya vitumbua. Mlango wa mzee ulikuwa umerudishiwa, na ndani nilimsikia, polepole, silabi kwa silabi. Hana tena karatasi za kata, sijui alikuwa anasoma nini. Nilisimama penye ua na hodi yangu mdomoni. Kila alipokwama nililijua neno kwa silabi za mwanzo, nikamwacha alifikie mwenyewe. Vitumbua vilipoa. Sikupiga hodi.