Mafuta Aliyoyafunga Kalenga

Katika mtaa wa Kataki, mjini Kalemie, wakati ule nchi ingali Zaire na watu wakiitana sitwayeni, yaani mwananchi, hata kwenye foleni ya sabuni, aliishi mama mmoja ambaye kelele ya gari lake ilifika kila mahali kabla yake. Jina lake Odile. Kwenye kitambulisho waliandika Kapinga, jina la asili kama serikali ilivyotaka, lakini majirani waliokula ugali wake walimwita Mama Odile, naye aliitikia yote mawili kwa sauti ileile, sauti ya mtu aliyeacha moteri ikiwaka nje.

Gari lenyewe lilikuwa kamionete ya dizeli, nyeupe hapo zamani, yenye mbao pande tatu za nyuma. Mume wake, Kalenga, alilinunua likiwa limekwisha choka, akalifufua. Ndiye pia aliyemfundisha Odile kuendesha, Jumapili baada ya misa, kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Siku ya kwanza moteri ilimzimikia katikati ya kundi la mbuzi. Vijana wakacheka hadi wakakaa chini. Odile akatoa kichwa dirishani.

"Chekeni vizuri! Siku moja nitawabeba, na mutalipa."

Akawabeba kweli. Na walilipa.

Njia yao ilikuwa ya Kabimba, penye kiwanda cha saruji. Kwenda, wanabeba unga wa muhogo, chumvi, na akina mama na vikapu vyao, kurudi, saruji. Kalenga alipokufa kwa ugonjwa wa tumbo, Odile alivaa nguo nyeusi, akakaa chini kama mjane anavyokaa, na siku za kukaa zilipopita akainuka, akashika usukani, maana watoto hawashibi machozi. Hilo hakuna aliyelipinga. Ugomvi ulitoka kwenye mafuta.

Ukoo wa Kalenga ulikuwa na sheria yake, ya zamani, walikuja nayo kutoka Ankoro: alichokifunga marehemu kwa mkono wake mwenyewe, hakifunguliwi mpaka wajomba wafike kumaliza matanga. Kama alifunga gunia, litakaa limefungwa. Kama alifunga mlango wa ghala kwa kamba, mtazunguka nyuma. Ni sheria nzuri, inawapa watu heshima ya kungoja. Lakini waliotunga sheria hiyo walikuwa watu wa mitumbwi na nyavu, hawakufikiri habari ya moteri. Sasa, Kalenga alikuwa amefanya vidanje mwenyewe, yaani alimwaga mafuta ya zamani akatia mengine, siku chache kabla ya kulala kitandani asiamke. Kizibo cha chini ya moteri alikikaza yeye. Na mdogo wake, Léon, aliyebaki kuwa sauti ya ukoo pale Kalemie, akaamua kwamba kizibo ni fundo kama mafundo mengine.

"Kuongeza, ongeza," alimwambia Odile. "Kumwaga, hapana. Ile njo mafuta ya kaka."

Wajomba wa Ankoro walitarajiwa kabla ya mvua. Mvua ikaja, ikanyesha, ikaondoka. Mara wajomba wana mavuno, mara mmoja anaumwa mguu, mara treni haiendi. Odile akaendelea kuongeza. Na mafuta ya kuongeza Léon alimletea mwenyewe kutoka kwa Cyrille, fundi aliyekuwa na pipa karibu na bandari. Pipa hilo watu walilijua. Cyrille alikusanya mafuta yaliyomwagwa na magari ya wengine, akayaacha yatulie, akayachuja kwa kitambaa, akatia juu kidogo ya mafuta mapya ili yang'ae, basi, yanarudi sokoni kama bibi harusi wa pili.

Moteri ikaanza kusema. Kwanza moshi. Kisha sauti ya kugonga asubuhi, kama mtu anayeomba kufunguliwa. Mwishowe, kwenye kilima kikubwa cha kabla ya Kabimba, taa nyekundu ya mafuta ikawaka mbele ya macho ya Odile na isizimike mpaka kileleni. Aliposhuka akachomoa kijiti cha kupimia, akayasugua mafuta kati ya vidole. Yalikuwa mazito, yana chembe, kama masizi ya sufuria yaliyochanganywa na uji.

Alijua hesabu yake. Moteri ikifa, haifufuki. Hakuna wa kuleta nyingine kutoka Lubumbashi. Gari litauzwa vipandevipande, na yeye atarudi kuuza vitumbua mbele ya shule ambayo watoto wake hawasomi tena. Akaenda kwa Léon.

"Shemeji, gari linakufa."

"Wajomba wako njiani."

"Wako njiani tangu mahindi yalipokuwa mbegu. Shemeji, Kalenga mwenyewe hakuacha mafuta yazeeke hivi. Angekuwa hapa angenichapa."

"Angekuwa hapa tusingekuwa na matanga," Léon akasema, na macho yake yakalowa, maana alimpenda kaka yake kweli. "Mikono yake haiko tena popote, shemeji. Iko pale tu. Usiimwage."

Odile akatoka. Neno lile lilimuuma, kwa kuwa na yeye usiku alikuwa anaitafuta mikono hiyohiyo. Lakini njiani akasema kwa sauti, peke yake, mpaka mwenye duka akageuka: "Kama mikono yake iko ndani ya moteri, basi inaungua."

Akaenda sokoni kuchagua mafuta. Kulikuwa na aina tatu. Kwanza yale ya pipa la Cyrille, hayo aliyapita akitema mate pembeni. Pili mafuta mazito sana, ambayo muuzaji aliyasifu kwamba yananyamazisha moteri iliyochoka. Odile akayageuza chupani, yakatambaa kama asali.

"Yananyamazisha," alisema, "kama unavyomuziba mgonjwa mdomo. Asubuhi nikiwasha, haya yatafika juu saa ngapi? Moteri itakuwa imekwisha kujila."

Tatu yalikuwa mabido, makopo ya bati yaliyovuka ziwa kutoka Kigoma, yamefungwa kiwandani, yameandikwa kwamba ni ya dizeli, na namba ile ambayo Kalenga alikuwa akiitumia miaka yote alipokuwa na uwezo: arobaini. Alibonyeza kila kifuniko kwa kidole gumba kuona kama kimewahi kufunguliwa, akanusa, akatikisa. Muuzaji akaudhika.

"Mama, unanunua mafuta ao unaposa binti?"

"Binti ukikosea utamrudisha kwao. Leta na filta yake."

Kisha akaliendesha gari mpaka kwa Papa Onésime, mzee aliyewahi kutengeneza moteri za boti bandarini, sasa alikuwa na kibanda, kiti kimoja na shimo la kuingilia chini ya magari. Papa Onésime alisikiliza, akaguna.

"Mukono wangu hautafungua kitu cha marehemu, Mama Odile. Nikienda kwa Léon kesho, nitasema nini?"

"Basi niazime spana."

"Spana iko pale ukutani. Mimi sikukupa. Mimi nakaa." Akageuza kiti chake, akalipa gari mgongo, akautazama ukuta wa matofali. Akaanza kuzungumza na ukuta. "Ukuta, moteri iwe ya moto kidogo, njo mafuta yanashuka na uchafu wake. Ukuta, ile kizibo inazungukia kushoto. Usiweke uso chini yake, ukuta, utajuta."

Mchana mweupe, mbele ya barabara ya soko, Odile akafunga vizuri nguo yake nyeusi, akaingia shimoni. Akina mama wa ndakala wakaacha samaki wao wakaja kutazama. Mama Agnès, mwenye ulimi, akainama.

"Odile! Unatafuta mume mwingine huko chini?"

"Nimemkuta! Hana maneno mengi kama wako."

Wakacheka. Kizibo kikagoma, Odile akaigonga spana kwa kiganja, kikalegea. Hapo akasimama kidogo. Akasema polepole, "Kalenga, ni mimi," akakizungusha. Mafuta yakashuka meusi, mazito, yakichelewa, yakajaa kwenye karai, na ndani yake kukang'aa vumbi la chuma.

"Ukuta," Papa Onésime akauliza, "yananuka namna gani?"

"Yananuka kuungua."

"Njo hivyo. Tazama na freni, ukuta. Kama iko povu, kuna muntu alitia maji ya sabuni."

Povu lilikuwapo kwenye mafuta ya breki. Ilikuwa kazi ya Cyrille, mara ya mwisho alipoombwa azitengeneze. Na gari hilo lilikuwa limeshuka vilima vya Kabimba likiwa na akina mama kumi nyuma. Odile akatoka shimoni, uso una mstari mweusi, akaitoa sabuni yote, akatia mafuta ya freni ya kweli, kila gurudumu, Mama Agnès akikanyaga pedali kwa amri yake na kupiga kelele kana kwamba anaendesha ndege. Akafunga kizibo na filta mpya, akatia mafuta ya Kigoma; yale ya zamani hakuyamwaga mtaroni. Akayatia kwenye mabido matupu, akayafunga.

Safari ya kwanza, taa nyekundu haikuwaka. Lakini habari mjini ina miguu kuliko gari. Aliporudi na saruji, Léon alikuwa anangoja mlangoni pamoja na Cyrille na nusu ya mtaa. Cyrille akafungua boneti bila kuomba ruhusa, akachomoa kijiti, akakiinua juu.

"Tazameni! Meusi! Mafuta ya jana yamekuwa meusi leo. Kigoma wamemwibia, ao tuseme lile ambalo kila mumoja anafikiri."

Wote walifikiri neno moja: marehemu amekataa. Baadhi wakarudi nyuma hatua moja. Léon akanyoosha mkono.

"Ufunguo, shemeji. Twende kwa mama."

"Kwa mama nitakwenda. Ufunguo utakwenda na mimi."

Mama Monique, aliyewazaa Kalenga na Léon, alikaa kwenye nyumba ya miti na udongo upande wa Lubuye. Alikuwa haoni vizuri, lakini alisikia hata mjusi akimeza. Akawasikiliza wote. Léon akalia. Cyrille akaeleza habari ya weusi. Ikafika zamu ya Odile.

"Mama, wewe umefua nguo za wanaume wako maisha yote. Maji yakibaki meupe, utasema nguo zimetakata?"

"Nitasema hukufua," mama mkwe akajibu.

"Dizeli inatoa masizi. Mafuta mazuri yanayaosha, yanayabeba, njo yanakuwa meusi siku hiyohiyo. Mafuta ya Cyrille yanabaki na rangi ya chai sababu hayafui kitu. Kalenga hakukataa. Kalenga alikuwa ananiambia hivyo, na mimi namusikia mpaka leo. Hilo la kwanza."

"Na la pili?" Léon akasema. "Fundo la marehemu je?"

Odile akamtazama kuanzia kichwani, akashuka polepole, akaishia miguuni.

"Shemeji, sanduku la viatu Kalenga alilifunga kwa kamba, mbele yangu, kwa mukono wake. Hivyo viatu ulivyovaa vilitoka kwa tundu la panya?"

Halafu mtu mmoja nyuma akapiga chafya ya kicheko, na wengine wakaangalia dari. Léon akavuta miguu yake chini ya kiti.

"Viatu si gari," akasema, sauti ya chini lakini haijashindwa. "Gari ni la ukoo. Leo, mbele ya mama, toa ufunguo, tungoje wajomba."

Odile akautoa ufunguo. Watu wakadhani amekubali. Akashika pembe ya kitenge chake cheusi, akauweka ndani, akafunga fundo, akalikaza kwa meno mbele yao.

"Munaheshimu fundo la aliyekufa. Vizuri, na mimi ninaliheshimu. Nilipofungua nilimuita jina lake. Sasa nimefunga na mimi, kwa mukono wangu, na mimi ni muzima. Anayetaka kufungua, aje aanze."

Hakuna aliyekwenda. Cyrille alitazama mlango. Léon alisimama, akakaa, akasimama tena.

Mama Monique akakohoa.

"Yale ya zamani umeyatupa wapi, mutoto?"

"Sikuyatupa, mama. Yako kwenye bido."

"Uniletee. Kalenga aliniahidi kupaka nguzo zangu mafuta, mchwa wananilia nyumba. Kama mikono yake iko mule, Léon, acha ifanye kazi. Ilikuwa haipendi kukaa bure."

"Na ufunguo, mama?" Léon akauliza.

"Ufunguo nimeambiwa umefungwa," kikongwe akasema. "Mimi macho sina, sitaweza kufungua."

Léon akaondoka bila kuaga, na kwa muda mrefu hakupanda gari lile. Akimwona Odile njiani aligeuka upande wa ziwa. Wajomba walikuja wakati wao, wakasema maneno yao, mengine makali. Odile aliwasikiliza akiwa amesimama, ufunguo mkononi.

Lakini asubuhi ile iliyofuata, kabla ya lolote kati ya hayo, alipeleka bido kwa mama mkwe, akaacha kikongwe akipakaa nguzo kwa kipande cha gunia na kuzungumza na mwanawe marehemu. Kisha akapanda garini, akalifungua fundo lake mwenyewe kwa meno, akawasha. Akina mama wa Kabimba walikwisha panda nyuma na vikapu, Mama Agnès akiwa mbele kabisa, akipiga bodi kwa kiganja.

"Sitwayeni Kapinga! Tunakwenda ao tunaomboleza?"

"Shikeni mbao," Odile akasema, akaingiza gia.