Mabunda Matatu ya Mama

Mama alihamia kwangu, mtaa wa Kagugu, na mabunda matatu aliyoyafunga kwa vitenge, na wiki ya sita yalikuwa bado yamefungwa. Chumba alichopanga kule mtaa wa Niboye, jiji hili hili, hakukirudisha, na alishasema mwisho wa mwezi anarudi huko. Nilikasirika, sifichi. Nimejenga nyumba, nimempa chumba cha wageni, kizuri kuliko changu, chai analetewa mpaka kitandani, na bado anataka kuondoka!

Siku hiyo nilileta picha ya kutundika sebuleni, nakala ya mchoro wa zama zile mafundi walipokuwa wakichonga ubao, kuupaka wino na kuuchapa kwenye karatasi. Ndani yake wahamiaji wameshuka melini, nchi ya watu, mizigo iko chini, na karani anawaandika.

Mama akavaa miwani. Akaitazama hadi chai yake ikapoa.

"Huyu mama kakalia mzigo wake," akasema. "Anajua. Hata sisi tulipokimbia kwetu hapa na kuvuka kuingia Tanzania tulikaa hivyo hivyo. Ukisimama tu, unaambiwa songa."

"Lakini wewe ulisharudi nyumbani, Mama. Mbona mizigo yako huifungui?"

Akaniangalia kama mtoto aliyekosa hesabu rahisi. "Tanzania ulisikia kila siku: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi wiki ya sita nalala chumba cha wageni. Nikishika sufuria, unaninyang'anya. Jembe langu liko wapi, mwanangu?"

Nilidhani namheshimu, kumbe kila asubuhi nilikuwa namkumbusha kwamba hapa si kwake. Niliona aibu sana.

Nikaenda sokoni, nikarudi na jembe jipya. Hakusema asante. Alifungua bunda la kwanza, akatoa mbegu za maharage, akaelekea mbele ya nyumba kwenye paspalamu, zile nyasi za urembo nilizopanda kwa gharama, akaanza kulima. Nikafumba macho, nikauma meno. Hadi jioni nusu ya urembo wangu ilikuwa matuta, nguo zake ziko kabatini, na mimi nimeagizwa nirudishe funguo za Niboye.

Jumamosi iliyofuata jirani aligonga geti. Nikanyanyuka, lakini Mama alinipita na udongo wake miguuni, akafungua mwenyewe.

"Karibu kwangu," akamwambia.

Hati ya nyumba ina jina langu, na sikumbuki siku niliyofurahi kuliko hiyo.