Ghorofa Lililosamehewa Kodi

Obedi Ndahani hakuwahi kumkasirikia mtani, wala kuyatilia maanani maneno yake. Sheria hiyo aliirithi kwa baba yake, na aliishika kuliko alivyozishika amri nyingi za kanisani. Ukiwa Mgogo kama yeye, Mnyamwezi akikutukana, unacheka, unamtukana zaidi, mnaachana. Siku alipomzika mama yake, jirani yake Harithi, ambaye babu yake alifika Ugogo na misafara ya pembe asirudi tena Tabora, alijilaza kwenye mkeka wa wafiwa akagoma kuinuka mpaka apewe kuku, eti marehemu alimdhulumu. Obedi alicheka huku machozi yanamtoka. Kuku alitolewa.

Wote wawili walifanya kazi kwenye safu ya mafundi ukingoni mwa Kikuyu, mjini Dodoma. Obedi alikuwa fundi bati. Alitengeneza ndoo, majiko ya mkaa na koroboi kutokana na madebe na mabati chakavu, na nyundo yake ilisikika tangu asubuhi. Harithi alikuwa na cherehani pembeni yake. Mbele yao Cecilia, mjane kutoka Kibakwe, aliwapikia mafundi ugali wa uwele na mlenda. Safu hiyo haikuwa nzuri kuitazama. Vibanda vilikuwa vya mabanzi na magunia, na vumbi la kiangazi liliingia hadi ndani ya sufuria. Lakini watu walikula hapo na kusomesha watoto.

Mwaka 1996 zikaja habari za mwekezaji. Wakati huo neno lenyewe lilitamkwa kwa unyenyekevu. Alitaka kubomoa safu nzima ajenge ghorofa la biashara. Serikali ingemsamehe kodi kwa miaka mitano, naye angetenga vyumba kwa ajili ya watu wa safu. Sharti lilikuwa moja: wenyewe waridhie mkutanoni. Wakamchagua Obedi awasemee, kwa kuwa hakuwa na tamaa wala papara.

Siku ya mkutano afisa wa mipango miji alitundika ukutani picha ya ghorofa: vioo, ngazi pana, maua mlangoni. Akaeleza jinsi wanyonge watakavyoinuliwa. Kabla Obedi hajasimama kujibu, Harithi aliinua mkono.

"Wagogo, nawashangaa," alisema. "Babu yangu alipita hapa na pembe begani, koo limemkauka. Babu zenu wakamsimamisha, wakamtoza vitambaa na shanga ndipo wakamwonyesha kisima. Leo anapita tajiri na mzigo wa saruji, hatozwi kitu, na ninyi ndio mnamfagilia njia!"

Mkutano ukalipuka kwa kicheko. Hata afisa alicheka.

"Mnyamwezi akiona mzigo ambao hajaubeba yeye, anaugua," Obedi alimjibu.

"Sawa, mla mlenda wewe. Hebu muulize mwenye picha hiyo: nyundo yako itapanda ghorofani?"

"Itapanda begani kwako. Si ndiyo kazi yenu?"

Watu walishika mbavu. Afisa alingoja kelele zitulie, akauliza kama kuna swali. Swali lilikuwa limekwisha kuulizwa, nalo lilikuwa limechekwa. Obedi akasimama, akasema watu wa safu wameridhia. Mikono ikainuka, wa Cecilia ukiwa wa kwanza.

Jioni Harithi alimfuata nyumbani. Ruthu, mke wa Obedi, alimpa kigoda, lakini hakukaa.

"Obedi, leo sitanii. Kesho rudi kwa yule afisa. Mwambie aseme ni kazi gani zitaruhusiwa mle ndani. Akikataa, mwambie hatujaridhia."

"Ndivyo mnavyoanza wote. Mwishowe utaniomba kuku."

"Sitaki kuku."

"Basi ni mbuzi! Ruthu, msikie huyu, amekuja kudai mbuzi!"

Harithi aliaga akaondoka. Ruthu alimwuliza mumewe mbona yule bwana hakucheka hata kidogo. Obedi alijibu kwamba mtani hodari ndiye asiyecheka.

Hakufanya hivyo kwa uovu. Alizoea kuiheshimu mila hata akasahau kwamba mtani naye ana macho na anaishi mtaa uleule. Lakini mtu aliyekubali kusema kwa niaba ya wenzake hana ruhusa ya kusahau namna hiyo.

Vibanda vilibomolewa. Ghorofa lilipanda upesi, maana nondo, saruji na vioo viliingia bila kodi. Miezi hiyohiyo mgambo waliwasaka watu vichochoroni kwa ajili ya kodi ya maendeleo, na Obedi mwenyewe aliwekwa mahabusu kwa kukosa stakabadhi. Tajiri alisamehewa ili amsaidie maskini. Maskini hakusamehewa chochote.

Ghorofa lilipofunguliwa, mwekezaji alitimiza ahadi yake. Hilo lazima lisemwe. Vyumba vilitengwa, majina yakasomwa. Kisha msimamizi akasoma kanuni za jengo: moto wa mkaa marufuku, kugonga vyuma marufuku, kupanga bidhaa nje ya mlango marufuku.

"Mwanangu," Cecilia alimwambia msimamizi, "sasa ugali nitausonga kwa moto gani? Wa jua?"

"Kuna umeme, mama. Nunua jiko la umeme."

"Mlenda wa umeme! Hilo hata Harithi asingelitunga."

Hakuna aliyecheka. Cecilia akamgeukia Obedi. "Baba Yoramu, kabla hujasema tumeridhia, uliuliza nini?"

Obedi alipokea ufunguo wa chumba chake, akautia mfukoni.

Alijaribu kukaa. Alinunua ndoo za plastiki kwa jumla akazipanga chumbani, fundi wa ndoo akiuza ndoo za wengine, mpaka kodi ya pango ikamshinda na chumba akakichukua mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam. Cecilia aliuza chakula kando ya barabara hadi mgambo walipomwaga sufuria zake. Wengine walitawanyika. Miaka mitano ilipotimia, jengo liliandikishwa kwa jina la kampuni nyingine, na msamaha ukaanza upya.

Harithi peke yake alibaki, kwa sababu cherehani haina moshi wala kishindo. Anashona sare za shule, na kazi inakwenda vizuri. Wanaotetea misamaha ile humtaja yeye, na hawasemi uongo. Hawamtaji mwingine kwa sababu hayupo.

Obedi sasa analima kipande cha zabibu cha kukodi huko Hombolo. Akija mjini hupita kwa Harithi. Safari moja alimchokoza kutoka mlangoni: "We Mnyamwezi! Umenenepa kwa vitambaa vya wateja?"

Harithi alisimamisha cherehani, akainuka, akampa mkono kwa adabu kama anavyopewa mgeni.

"Tunamshukuru Mungu, Mzee Ndahani. Habari za Hombolo?"

Anaona haya kumtania mtu aliyeanguka kiasi kile, na Obedi anajua hivyo.

Ghorofa lile liliwagharimu watu wa safu mahali pao pa kazi. Lilimrudisha Cecilia Kibakwe mikono mitupu. Obedi Ndahani lilimgharimu ufundi aliofundishwa na baba yake, imani ya wenzake, na mtani wake.