Ufunguo wa Droo

Mama Uzi hakupewa jina hilo kwa sababu ya cherehani tu. Kila alichomiliki alikitia uzi mwekundu: mwavuli, mfuko wa sokoni, hata ufagio. Ukimrudishia kitu kisicho na uzi, umemletea cha mtu mwingine, na atakwambia hivyo mbele za watu. Kwa kutilia watu shaka hakuwa na mpinzani, na wala hakuona haya. Alisema yeye si wa kuchezewa shere.

Mtu ambaye Mama Uzi alimtilia shaka kuliko wote alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye gereji nyuma ya soko. Marehemu alikuwa amemwachia mjane gari dogo la bluu, na kadi ya gari ilikuwa bado kwa jina la marehemu. Nyumbani ndugu wa mume waliingia na kutoka wapendavyo, kwa hiyo Mama Uzi aliificha kadi kwenye droo ya dashibodi, akaifunga, na ufunguo akauvaa shingoni. Sasa, kila alipopeleka gari gereji, shemeji aliomba ufunguo wa droo. Mara ya kwanza machale yalimcheza. Mara ya pili hakuwa na shaka tena. Fundi wa injini anatafuta nini kwenye droo, kama si kadi ya gari la kaka yake? Shemeji alipotaka kueleza, alimkata kauli: injini iko mbele, ahangaike na ya huko. Shemeji, ambaye kwa kawaida maneno yake ni ya kuhesabu, alinyamaza. Kunyamaza kwenyewe Mama Uzi akakuona ni ushahidi.

Haya yote yangekuwa mambo ya kuchekesha kama si mama yake mzazi. Bibi huyo alikuwa na pumu, na kila Jumanne bintiye alimpeleka kliniki. Barabara ilikuwa ya vumbi, hivyo walifunga vioo na kuwasha feni. Kabla ya kona ya pili bibi huanza kukohoa. Jumanne iliyopita alifika midomo imebadilika rangi, muuguzi akamshika mkono kumshusha. Jioni yake bibi alitoa uamuzi: kliniki haendi tena, gari hilo litammaliza kabla ya ugonjwa.

Bila kliniki hakuna dawa, na bila dawa Mama Uzi alijua kitakachofuata. Aliogopa, na hofu yake ikatafuta mtu wa kumlaumu. Haikwenda mbali. Alikwisha kusikia kuwa mafundi hulipuliza chujio la hewa kwa kompresa, wakalirudisha lilelile na kusema ni jipya. Basi ndicho anachofanya huyu.

Kesho yake alikwenda mwenyewe duka la spea. Chujio la kwanza alilikataa kwa mikunjo. Alikuwa ameshona sketi za shule miaka ishirini, na mikunjo isiyolingana vile asingempa mteja. La pili gundi ilikuwa imevuja pembeni. La tatu alilibonyeza mpira, akalimulika juani, akalinganisha namba yake na aliyoandika kwenye karatasi, akaridhika shingo upande. Muuzaji akamuuliza kama atachukua na la ndani.

"Gari lina pua ngapi?" aliuliza Mama Uzi, akaondoka. Alijua namna wauzaji wanavyombebesha mwanamke vitu.

Nyumbani alipitisha uzi mwekundu kwenye ukingo wa mpira, kisha akaenda gereji na kusimama hatua moja kutoka kwenye boneti mpaka shemeji alipolitia chujio na kubana kifuniko chake. Shemeji aliuona ule uzi, akaendelea na kazi. Alipomaliza aliomba ufunguo wa droo. Mama Uzi alijitia hamnazo, akawasha gari.

Jumanne ilipofika alimbembeleza mama yake, bibi akakubali mara hiyo moja. Kwenye kona ya pili kifua kikabana, safari hii vibaya zaidi. Mama Uzi alisimamisha gari, akafungua vioo, akamshika mama yake mgongo mpaka pumzi ikarudi. Kisha akafungua boneti na kifuniko cha chujio. Uzi wake mwekundu ulikuwa palepale. Hakuna aliyemwibia kitu.

Walipotoka kliniki alipitia gereji moja kwa moja, mama yake akasubiri nje kwenye benchi. Mama Uzi alisema kwa ukali kwamba chujio ni jipya na mama bado anakufa, sasa aambiwe ukweli.

"Hilo ni la injini, shemeji," alisema fundi taratibu. "Hewa mnayovuta nyinyi ina chujio lake. Liko nyuma ya hiyo droo. Chukua kadi yako kwanza, uishike mwenyewe."

Kumbe alijua kadi iko humo, na hakuwahi kuitaka. Mama Uzi alivua ufunguo, akafungua, akaibana kadi kifuani. Shemeji aliishusha droo, akapeleka mkono ndani na kutoa kitu cheusi chenye uvundo, kimejaa vumbi, majani yaliyooza na manyoya ya panya. Mama Uzi aliona aibu. Alirudi dukani kununua lile la ndani, na safari hii hakuhesabu mikunjo.

Jumanne iliyofuata bibi aliingia garini kwa sharti kwamba akibanwa atashushwa. Walipita kona ya pili, wakapita ya tatu. Darajani bibi akauliza shemeji alikuwa akiwafanyia hila gani.

"Hakufanya hila, mama. Alikuwa akiniomba ufunguo."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipozika."

Ilikuwa imepita miaka mitatu. Bibi alimtazama binti yake bila kukohoa hata mara moja, akamtazama hivyo mpaka wakafika kliniki.